Haibridi Namba Mbili na Msiba wa Shangazi Hildegarda

Jumapili, 29 Juni 2003

Aibu! Shimo la saba tena. Nimesimama mbele ya korongo, nimeshika chuma namba tatu, ile fimbo ndefu ya gofu isiyomtaka mtu, nimevuta pumzi, nimepiga. Mpira umekimbia chini chini kama panya, umeingia kwenye mkonge. Nimejaribu chuma namba nne. Mkonge. Mpira wa tatu umempata ndama wa Saitabau, mfugaji anayepitisha ng'ombe wake kando ya kiwanja. Saitabau ameniuliza kwa upole ndama wake amenikosea nini. Nimemwambia ni ajali. Amesema ndama huyohuyo alipata ajali wiki iliyopita.

Nikolaus amecheka mpaka akakaa chini. Nikolaus ni bwana mifugo, Msagara, na ni mtani wangu, kwa sababu mimi ni Mnyamwezi. Babu yangu aliletwa Kilosa kukata mkonge, akasahau kurudi kwao. Mtani ana ruhusa ya kucheka. Lakini si mpaka machozi!

Na wakati wenyewe ni mbaya. Meneja wa shamba la mkonge, ambaye ndiye nahodha wa klabu yetu ya gofu, anahamia Tanga. Siku ya Saba Saba mimi na Nikolaus tutacheza mashimo tisa, na atakayeshinda atakuwa nahodha. Jina lake litaandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao wa klabu. Baba yangu aliwabebea Wagiriki wenye shamba mifuko ya fimbo kwenye kiwanja hiki mpaka bega lake moja likashuka, na hakuruhusiwa kupiga hata mpira mmoja. Kazi yake nyingine ilikuwa kuufuta vumbi ubao ule. Nalitaka jina letu pale.

Jumatatu, 30 Juni

Dawa imepatikana! Mgeni wa mwekezaji wa shamba ameacha gazeti la gofu klabuni. Nimelisoma stoo, ambako mimi ndiye karani, badala ya kuhesabu majembe. Kumbe Wazungu wenyewe wamezishindwa hizi fimbo ndefu za chuma. Wanazitupa! Mahali pake wanaweka fimbo mpya inayoitwa haibridi: kichwa kinene kama cha fimbo ya mbao, mpini mfupi kama wa chuma. Inaunyanyua mpira hata kwenye majani marefu. Gazeti linaonya kwamba namba ndogo ni za wenye nguvu na ustadi, namba kubwa zinapandisha mpira kwa urahisi. Mtu achague kwa kuupima mwili wake, asichague kwa macho. Ushauri wa busara. Nimeupigia mstari.

Mikumi yupo Yusrah, anauza mitumba kando ya barabara kuu. Tangu biashara iwe huria, hakuna takataka ya Ulaya isiyofika kwa Yusrah. Tatizo ni Filomena, mke wangu. Alishasema fimbo nyingine ikiingia ndani, yeye anatoka. Nimemwambia kwamba Shangazi Hildegarda wa Mikumi anaumwa, lazima nikamjulie hali. Uongo mdogo, wa kikazi. Filomena ameguswa. Amemkamata kuku wake mweupe, yule anayempenda kuliko mimi, amemfunga miguu, amesema nimpelekee mgonjwa apate mchuzi.

Sasa nina kuku.

Jumatano, 2 Julai, Mikumi

Kuku ameniharibia suruali kabla basi halijafika kijiji cha Ulaya. Nimevumilia.

Kwa Yusrah kuna majokofu, baiskeli zisizokwenda popote, magongo ya wagonjwa. Fimbo za gofu zimo kwenye pipa pamoja na miavuli. Haibridi zipo tatu. Namba tano, kichwa kimechubuka. Namba nne, mpini una kutu. Namba mbili, inang'aa! Ina kifuniko chekundu cha manyoya, laini kama kifaranga.

Yusrah amenipa ndimu nikajaribie nyuma ya banda. Nimepiga kwa namba tano: ndimu imepaa, imenyooka, imevuka paa la gereji. Nimerudia, imevuka tena. Makuli waliokuwa wakipakua lori wamepiga makofi. Namba nne: imepaa kidogo. Namba mbili: ndimu imepasuka, maji yake yameniingia jichoni. Makuli wote wamesema namba tano ndiyo saizi yangu. Saizi yangu! Nimeumia sana. Nitamtishaje Nikolaus kwa namba tano iliyochubuka? Kwenye gofu namba ndogo ndiyo ya wanaume. Nimechukua namba mbili.

Nilikuwa nimezibeba zile fimbo za chuma namba tatu na namba nne ili tubadilishane. Yusrah amezitazama, kisha akamtazama kuku. Amechukua vyote.

Kwa Shangazi sikupita. Nyumba yake iko ng'ambo tu ya barabara, inaonekana. Lakini mtu unamwendeaje mgonjwa mikono mitupu?

Alhamisi, 3 Julai

Nimefanya mazoezi kwa siri nyuma ya kamba za kuanikia katani. Mpira wa kwanza, chini chini. Wa pili, chini chini. Mpaka wa ishirini, chini chini. Halafu mmoja ukapaa! Juu, juu, ukaelea, ukatua mbali kama ndoto. Nimepiga kelele za furaha.

Kelele zilikuwa kosa. Nikolaus alikuwa anapita na pikipiki yake. Ameingia, ameitazama fimbo, ameipapasa kifuniko, amesema Wanyamwezi waliumbwa kubeba mizigo ya watu, sasa huyu mwenye mzigo wake mwenyewe ametoka wapi? Ameichukua. Ameipakia kwenye pikipiki. Ameondoka nayo!

Siwezi kumfanya kitu. Mtani akichukua, amechukua. Ukikasirika unachekwa na watu wote mpaka Masanze, na wazee wanakutoza faini juu. Inabidi ucheke. Nimecheka. Nimecheka kwa meno yote huku roho inachemka kama maharage.

Chuma kirefu sina. Haibridi sina. Kuku sina.

Jumamosi, 5 Julai

Nimepata wazo kubwa kuliko yote niliyowahi kupata!

Kwenye msiba wa Mnyamwezi, mtani Msagara ana kazi. Ni lazima afike. Yeye ndiye wa kuchimba kaburi, yeye ndiye wa kuchekesha waombolezaji, yeye ndiye wa kuhakikisha watu wamekula. Hawezi kusema ana gofu. Sasa, kama Shangazi Hildegarda angefariki, kwa mfano, Nikolaus angekuwa Mikumi mpaka matanga yaishe. Saba Saba ningesimama kiwanjani peke yangu, nikawa nahodha bila kutoa jasho.

Jioni nimejipaka kitunguu machoni nikamwendea. Nimempa habari kwa kunong'ona. Nimemsihi asimwambie mtu, hasa Filomena, maana moyo wake ni mwepesi. Atangulie tu Mikumi kimya kimya.

Nikolaus amevua kofia. Ameketi. Amesema mama yule alimlisha siku nyingi alipokuwa akichanja mbwa kule Mikumi, na hakumdai hata shukrani. Machozi yakamtoka, ya kweli, hayakuwa ya kitunguu. Nilikaribia kusema ukweli. Kabisa, mdomo ulishafunguka. Nikaukumbuka ubao, nikaufunga.

Wakati wa chakula ndipo nimekumbuka jambo dogo. Mfiwa ndiye wa kwanza kupanda gari, na mfiwa ni mimi.

Jumapili, 6 Julai

Nani alinidanganya kwamba mtani anaweza kunyamaza? Kutangaza msiba ndiyo kazi yake! Tangu alfajiri Nikolaus amezunguka mtaa wetu wote wa Mabwerebwere akigonga mfuniko wa sufuria, akilia, akisema Wanyamwezi wamepungukiwa na mbebaji. Filomena ameanguka sakafuni kwa kilio. Baada ya misa majirani wameleta unga, maharage na kuni. Shamba limetoa lori. Mimi nimekalishwa mbele na dereva, kwa heshima ya mfiwa. Nilijaribu kusema naumwa. Wamesema ni uchungu.

Nyuma, Nikolaus amevaa khanga, anamwigiza marehemu: sauti yake, kiuno chake, namna anavyowafokea wauza nyanya. Na mkongojo wake ni haibridi yangu! Watu wamelia na kucheka njia nzima. Ndivyo watani wanavyozika. Mwenye huzuni ya kweli kwenye lori lile nilikuwa mimi.

Mikumi. Shangazi yuko mlangoni, anapepeta mchele.

Nikolaus ameshuka wa kwanza akichechemea kwa ile haibridi, na wamekutana uso kwa uso. Amepiga yowe moja, ameingia chini ya lori. Wengine wamekimbilia kwenye mahindi ya jirani. Shangazi ameuliza nani huyo aliyevaa khanga na kumdhihaki. Nimeshuka, nimesema shikamoo. Ameitikia marahaba, akaniuliza nani amekufa.

Watu wote wamenitazama.

Nimesema labda habari zilichanganyika. Filomena, Mungu ambariki, amesema bila shaka ni ule mchuzi wa kuku uliomponya. Shangazi ameuliza kuku gani. Na kuku mwenyewe alikuwa ng'ambo ya barabara, mweupe, mnene, akidonoa mbele ya banda la Yusrah. Filomena amemtambua mara moja. Tangu hapo hajanisemesha.

Shangazi hakuniadhibu. Amesema chakula cha msiba hakirudi nyumbani. Amepikisha vyote, ameketi kwenye kiti katikati ya uwanja, na amewaamuru watu waseme mema waliyokuja kuyasema. Wameyasema, mmoja mmoja. Amefurahi sana. Waliosema machache amewaongezea muda.

Kisha Nikolaus, akiwa bado na khanga, ametoa hukumu ya watani: anayemuua mtu mzima anatoa kitu kimoja. Haibridi inabaki kwake, na atacheza nayo kesho. Wote wamepiga makofi. Hata mke wangu.

Shangazi amesema anataka kuiona hiyo gofu iliyomuua. Kurudi Kilosa amekaa mbele na dereva. Mimi nimekaa nyuma, na masufuria.

Jumatatu, 7 Julai, Saba Saba

Kilosa nzima imekuja kiwanjani. Hawakuja kwa ajili ya gofu. Wamekuja kumwona marehemu.

Kwenye mfuko wangu wa gofu nina fimbo fupi tu, iliyo ndefu kuliko zote ni chuma namba saba. Hata hivyo mpaka shimo la sita tuko sawa. Shimo la saba: korongo. Fimbo ya kulivuka kwa pigo moja sina. Kwa hiyo nimefanya jambo la aibu ambalo sikuwahi kulifanya maishani. Nimepiga kidogo, mpira ukasimama kabla ya korongo. Nimepiga kidogo tena, ukavuka, ukatua kwenye duara la mchanga uliomwagiwa oili, penye shimo lenyewe. Nikausukumiza shimoni kwa mapigo mawili. Watu wameguna kwa kuchoshwa. Shangazi peke yake ameshangilia.

Nikolaus amekivua kile kifuniko chekundu taratibu, ili kila mtu akione. Namba mbili. Amepiga. Korongoni. Amepiga tena. Korongoni. Saitabau amewaondoa ndama wake bila kuambiwa. Amepiga wa tatu, na uso wake ulikuwa uso wangu wa siku zote, mpaka nimemwonea huruma. Korongoni!

Shimo la nane sawa. La tisa sawa.

NAHODHA! Mimi! Nimelia mbele ya watu. Filomena hasemi na mimi, lakini nimesikia vigelegele, na vigelegele vyake navijua. Nikolaus amenipakia mgongoni kutoka shimo la tisa mpaka klabu, akitangaza njia nzima kwamba leo Mnyamwezi amebebwa.

Jumanne, 8 Julai

Fundi rangi amekuja asubuhi. Jina langu liko chini ya majina ya Wagiriki, Waingereza na mameneja, na ni la baba yangu pia, maana ameandika yote mawili. Nimetoa leso nikaufuta ubao wote vumbi, polepole, kuanzia juu. Sikutaka mtu mwingine aufute.

Nimetafakari pia mafunzo ya wiki hii. Kwanza, gazeti lilisema kweli: haibridi ndiyo inayoamua mechi. Kosa lilikuwa namba. Mbili ni hafifu. Nikolaus amenirudishia, na nimemtuma dereva wa lori kwa Yusrah amuulize kama anayo namba moja.

Pili, Nikolaus ameapa kwamba Saba Saba ijayo unahodha anauchukua. Lazima nijilinde mapema. Mpango wa msiba ulikuwa mzuri, ila nilichagua marehemu vibaya: anakaa mbali, anapepeta mchele mlangoni, na anaongea sana. Mwaka kesho nitakufa mimi mwenyewe. Hapa hapa Kilosa, asubuhi ya Saba Saba. Lori halitahitajika. Nikolaus atashinda makaburini na jembe siku nzima, na kiwanjani hatakanyaga, hivyo unahodha unabaki kwangu.

Nimeukagua mpango huu pande zote. Hauna kasoro hata moja.