Joto la Benchi

Hospitali ilitangaza kwa vipaza sauti kwamba, kuanzia wiki hiyo, hakuna mgonjwa atakayeruhusiwa kufia kwenye benchi la kusubiria. Mkuu wa hospitali alijivunia agizo hilo kuliko digrii zake zote. Wenzake walihangaika na maradhi. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye mzizi wa tatizo, yaani benchi.

Basi fundi cherehani alipokutwa amekufa palepale benchini, Mkuu hakubabaika. Alishuka chumba cha maiti, akamkuta mjane na mama mkwe wake wamesimama mbalimbali, hawatazamani.

"Marehemu alifariki nyumbani, alfajiri," alitamka. "Aliletwa akiwa ameshatangulia."

"Si nilisema?" mama mkwe alimgeukia mjane. "Ulimkalisha ndani mwanangu mpaka roho ikamtoka."

"Mama, tulifika mapema, na njia nzima alikuwa anaongea," mjane alijibu.

Daktari wa maiti alikohoa. "Mkuu, kwapa bado lina moto. Taya ndiyo kwanza inaanza kukaza. Na damu imeteremkia miguuni. Huyu kafa ameketi, tena si muda mrefu."

"Joto hilo ni la benchi," Mkuu alimsahihisha kwa upole. "Benchi letu linapigwa na jua. Na watu wenye adabu hufa wameketi hata nyumbani. Andika alfajiri."

Mjane alinyoosha kidole dirishani. Getini lilining'inia bango jipya: Mkuu anatabasamu, kamshika mkono fundi cherehani. Chini yake: MTEJA ASIFU HUDUMA. Likija suala la sifa, hospitali ile haikuwa na foleni.

"Picha hiyo mmepiga leo, jua limeshapanda," alisema. "Ukawaambia waandishi amekusifu."

Mkuu aliitazama. Kwa kweli alikuwa ametoka vizuri.

Mama mkwe alimsogelea. "Baba, niambie mimi mama yake. Ulipomshika mkono mwanangu, ulikuwa wa moto au wa baridi?"

Mkuu alipiga hesabu. Wa moto: agizo limevunjika. Wa baridi: amesifiwa na maiti, mbele ya waandishi wa habari. Aliutumbukiza mkono mfukoni.

"Wa moto," alinong'ona.

Mama mkwe alimshika mjane mkono. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuonea."

Daktari alishaanza kuandika. "Na agizo, Mkuu," aliuliza bila kuinua kichwa, "niandike limefariki saa ngapi?"