Sijakataa, Nabisha Tu

Jumamosi, 4 Mei

Saa kumi jioni. Hakuna hodi. Saa kumi na robo, bado. Nikachungulia dirishani nikawaona wahubiri wa mlango kwa mlango, Mama Mkoba na mwenzake anayevaa tai, wanatoka kwa jirani yangu muuza magodoro. Wakapita mbele ya mlango wangu kama hauna nyumba nyuma yake.

Miaka mitatu wamekuja kila Jumamosi kuniokoa. Mimi siamini kuna Mungu, na mtaa mzima unajua, maana sijawahi kuficha. Siku ya kwanza Mama Mkoba alinipa kijitabu chao. Kazi yangu ni usahihishaji kwenye kiwanda cha uchapishaji, basi nikamrudishia kikiwa na makosa kumi na moja yamepigiwa mstari. Nilidhani nimemkomesha. Wiki iliyofuata akaja na kijitabu kingine, na swali. Tangu hapo yeye hubisha hodi, na mimi hubisha mengine yote.

Leo kimya. Chai nimeinywa peke yangu, birika zima, isije ikaonekana nilikuwa nangoja mtu. Ionekane na nani, sijui.

Jumatatu, 6 Mei

Bahati. Mwenye tai amekuja kiwandani kuchukua mzigo wa vijitabu. Nikamuuliza, kijuujuu tu, kama Jumamosi kulikuwa na dharura. Akafungua daftari. Kila nyumba ina neno lake. Muuza magodoro: anasikiliza. Mimi: amekataa. Viongozi wao wamesema miaka mitatu inatosha, waende penye matumaini.

Nikamwambia neno hilo si sahihi. Aliyekataa hafungui mlango. Mimi nafungua, natoa kiti, natoa hoja. Aandike "anabisha". Akasema kwenye orodha yao hakuna neno hilo. Nikaomba kalamu nisahihishe mwenyewe. Akalifunga daftari na kulikumbatia.

Muuza magodoro anasikiliza! Mtu aliyekuwa akijifungia chooni wakija, mkewe akisema amesafiri. Sasa kagundua njia fupi: anaitikia "ndiyo mama, nitakuja", wanaondoka wamefurahi, naye anarudi kulala. Magodoro anayo, lakini aibu hana.

Jumatano, 8 Mei

Chakula cha mchana kazini. Nilipokaa mezani mazungumzo yakageukia mvua. Zamani fundi wa mashine alikuwa hamalizi sahani bila kuniuliza nani kaumba mlima. Nilimjibu vizuri mno, nadhani. Sasa ananipisha njia kwa adabu, kama mgeni.

Jioni dada yangu kapiga simu. Kasema ananiombea kila siku. Nikamuuliza huwa anasema nini hasa. Akaniambia nisianze. Sikuwa naanza. Nilitaka kujua tu anasemaje akinitaja. Akasema chakula kinaungua jikoni, akaniaga.

Kisha nikapata mpango: nitayumba. Nitasema moyo wangu umeanza kutetereka. Mtu anayeyumba lazima afuatwe.

Ijumaa, 10 Mei

Nimefanya mazoezi ya uso wa mashaka mbele ya kioo, nikaenda kwa muuza magodoro. Akaniuliza ni jino lipi linaniuma. Nikamwambia si jino, ni roho. Nikamsihi asimwambie mtu.

Kabla ya saa kumi na moja mtaa wote ulikuwa na habari. Mshonaji wa nyumba ya pili alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kusema Mungu ni mwema. Hakuuachia haraka. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunishika mkono hivyo. Nilimwacha aushike.

Ni uongo, najua. Sijawahi kudanganya juu ya jambo hili hata siku moja. Nimejisamehe. Kwa msimamo wangu hakuna ofisi nyingine ya kupeleka ombi.

Jumamosi, 11 Mei

Saa kumi kasoro dakika tano, nyayo nje. Nikasema kwa sauti, "Mungu wangu, wanakuja." Ni maneno ya mdomoni tu.

Mwenye tai aliingia na kalamu tayari. Mimi nikakaa na kukubali. Gharika? Ndiyo, mama. Wafu watafufuka? Ndiyo, mama. Mwenye tai akalifuta neno langu na kuandika "anasikiliza". Mama Mkoba hakuandika kitu. Mkoba hata hakuufungua.

Aliniuliza kuhusu swali nililomwachia mwezi uliopita, la kwa nini watoto wachanga huumwa. Alisema amelitafutia jibu wiki nne, amemuuliza kila aliyemzidi elimu, na hajalipata. Je, mimi nimelipata? Nikajibu kwamba mwenye imani hadai majibu. Nilijisikia mjanja kwa sekunde mbili hivi.

Akamwambia mwenye tai arudishe neno la kwanza, kisha amngoje nje. Halafu akaniambia, polepole, kwamba mtaani humu watu wote humwitikia ndiyo mama. Anajua wanamdanganya. Kila Jumamosi anadanganywa kwenye milango ishirini, na kinachomtoa nyumbani ni kwamba uko mmoja ambako hadanganywi. "Nawe leo, mwanangu," akasema, akainuka.

Iliniuma sana.

Mlangoni akageuka. Akasema kwa orodha yao hawezi tena kuja kwangu. Lakini Jumapili mchana huwa anakaa nje ya nyumba yake, nyuma ya posta, geti la kijani. Kiti cha pili kipo. Hakuna vijitabu. Niende tu, tubishane.

Jumapili, 12 Mei

Niende tu. Rahisi kusema. Mtu mzima haendi mahali "tu". Atafikiri nina upweke. Lazima kuwe na sababu.

Mpango: kupita kwa bahati mbaya. Nikachukua bahasha tupu nikaishika kama mtu anayetafuta anwani. Saa tisa nikapita upande wa pili wa barabara. Alikuwepo, amekaa, kiti cha pili pembeni yake. Hakuniita. Nikarudi kwa mwendo wa haraka, bahasha usoni. Mara ya tatu nikasimama nyuma ya lori lililoegeshwa, nikamwangalia vizuri. Alikuwa akitazama barabara, mwanzo wake na mwisho wake, tena na tena.

Saa kumi na mbili aliinuka. Aliingiza kiti kimoja ndani, akarudi kuchukua kingine.

Muda wa saa tatu nzima, na hajaniona hata mara moja! Kwa kujificha sina mpinzani. Jumapili ijayo nitavaa kofia na kusogea karibu zaidi, nijue ni nani huyo anayemngoja.