Ombi la Kukata Barabara Inayozunguka Kisiwa, Kipande Kidogo Tu

Dawati la Wageni,
Stesheni ya Lungwei,
Pwani ya Mashariki, Taiwan.
Jumatano.

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Utalii,

Kabla hujafika mstari wa pili, nakuomba kwa heshima uinuke ufunge mlango. Kisha naomba lisitoke humo ndani hata neno moja la barua hii. Usimsomee katibu wako, Bi Yeh, kwa sababu yeye hucheza mahjong na bibi yangu, na bibi yangu ndiye hasa asiyetakiwa kujua. Kama juu ya meza yako kuna mfuko wa karanga za kuchemsha, zimetoka kwake. Naomba usizile mpaka uwe umekwisha kuamua.

Mimi ni Hung Po-wen, karani wa dawati la wageni katika stesheni yetu. Kazi yangu ni kuwahudumia wasafiri wanaozunguka kisiwa peke yao, bila kampuni wala kiongozi, wengine kwa baiskeli, wengine kwa treni, wachache kwa miguu. Nawagongea muhuri wa stesheni kwenye vijitabu vyao, nawaonyesha choo kilipo, nawatakia heri. Sijawahi kulalamika. Leo nalalamika, na nalalamika juu yao wote.

Jambo lenyewe ni hili. Bibi yangu, ambaye hapa mjini anaitwa Bibi Karanga, ana umri wa miaka sabini na sita. Jumamosi asubuhi anakusudia kuondoka nyumbani, peke yake, kwa baiskeli ya magurudumu matatu, akazunguke kisiwa kizima. Naomba Ofisi yako imzuie. Kwa kuwa nimetafuta na sikuona sheria ya kumzuia mtu mmoja, naomba mzuie watu wote. Malalamiko nimeyapanga kwa namba ili yasikuchoshe.

1. Wasafiri hawa wana furaha, na hawaifichi. Mtu anayefika stesheni amelowa mvua, goti limechubuka na gurudumu lina pancha, kwa akili ya kawaida angepaswa kulia. Wao wanacheka. Wanaipiga picha pancha. Bibi huuza karanga zake nje ya mlango wangu, kwa hiyo anayaona haya kila siku. Majuzi alipita Mzee Kuo, tarishi mstaafu kutoka Keelung, mwenye miguu myembamba kama vijiti vya kulia wali, tena amemzidi Bibi umri. Bibi akamuuliza, "Wewe babu, wanao wanajua uko wapi?" Mzee akajibu, "Wanajua niko kisiwani." Wakacheka mpaka Bibi akashika ukuta. Tangu siku ile anaitazama barabara kwa jicho ambalo mimi silipendi.

2. Biashara isiyo ya haki. Bibi huwapa wasafiri karanga na viazi vitamu bure, nao humlipa kwa hadithi. Karanga huisha palepale. Hadithi hubaki, na mimi ndiye ninayeletewa mezani wakati wa chakula cha jioni. Binti mmoja aitwaye Peng, anayesomea uuguzi Hsinchu, alimweleza kwamba watu wa Tainan hunywa supu ya ng'ombe asubuhi. Jioni ile Bibi alilisukuma bakuli lake kando. "Supu ya ng'ombe, Po-wen. Asubuhi! Na mimi nimekaa hapa na uji na figili ya chumvi miaka yote hii kama mtu aliyefungwa." Nilimwambia uji ni mwepesi kwa tumbo. Akasema, "Tumbo langu limechoka na vyepesi." Naomba wasafiri wakatazwe kusimulia kitu chochote chenye mchuzi.

3. Barabara ina usalama uliopita kiasi. Nilijaribu kumtisha Bibi kwa upole, kama inavyofaa kwa mtu aliyenilea. Nilimwambia atakumbwa na njaa. Akasema kila kona kuna duka lisilofungwa, lenye mayai yaliyochemshwa kwenye chai. Nilimwambia baiskeli itamharibikia. Akasema vituo vya polisi vina pampu, maji ya kunywa na choo kisafi. Nilimwambia atakosa pa kulala. Akasema yapo mahekalu yanayopokea wapita njia, na akanitajia matatu kwa majina. Inaniuma kukuarifu, Mheshimiwa, kwamba yote haya ameyatoa kwenye kipeperushi cha dawati letu, na kipeperushi kile nilikiandika mimi.

Kwa hiyo nilikwenda kwa Sajini Ke, mkuu wa kituo chetu cha polisi. Nikamwomba, Bibi akipita, amkaripie kidogo tu. Sajini aliweka kikombe chini. "Nimkaripie Bibi Karanga? Po-wen, una homa wewe? Huyo ananijua tangu sina meno. Nitamjazia upepo, nitampa chai, na akitaka nitampigia saluti." Naomba polisi wa njia nzima waagizwe wawe wakali, angalau mpaka msimu wa tufani. Ukali si lazima uwe wa kweli.

4. Hekalu haliniungi mkono. Bibi alikwenda kwa Mama Mazu, mungu wetu anayelinda watu wa baharini, akarusha vile vipande viwili vya mbao kuomba ruhusa. Kimoja kilianguka chali, kingine kifudifudi, ndiyo kusema amekubaliwa. Akarusha tena, akakubaliwa tena. Akarusha mara ya tatu, na mlinzi wa hekalu akampa pongezi na chungwa. Mimi nilikwenda baadaye kimya kimya, nikapiga magoti, nikaeleza upande wangu kwa mpangilio mzuri, na nikarusha. Vipande vyote viwili vilianguka chali. Unajua maana yake: Mama Mazu anacheka. Nikafikiri sikueleza vizuri. Nikaeleza upya, kwa kifupi. Akacheka tena. Mlinzi wa hekalu naye, ambaye hakuulizwa, akacheka. Naomba Ofisi yako imwandikie Mama Mazu rasmi, kwa kuwa inaonekana makarani wadogo hawasikilizi.

5. Upande wa kuzungukia. Hapa ndipo usingizi wangu ulipoishia. Kila mtu mwenye busara huzunguka kisiwa kinyume cha mwendo wa saa, bahari ikiwa mkono wa kulia, upande tunaoendeshea, karibu, bila gari la kumkinga asiione. Wanaotufikia hapa wanatoka kusini wanakwenda kaskazini. Hakuna sheria iliyoandikwa, ila ndivyo inavyofanywa. Bibi ametangaza kwamba atakwenda upande wa pili. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Nikienda nao njia moja nitaona migongo tu. Migongo nimeiona ya kutosha hapa mlangoni kwako, wakija nawapa karanga, wakiondoka naona migongo. Mimi nataka sura." Nilimwambia watamshangaa. "Ndiyo maana nabeba karanga." Nilipekua kanuni zote za dawati nikitafuta katazo la kufuata mwendo wa saa. Hakuna. Naomba litungwe, na tarehe yake iwe kabla ya Jumamosi.

Hapohapo niongeze suala la baiskeli yenyewe. Ni ile aliyobebea mboga sokoni enzi zake. Fundi Liao, aliyepaswa kuwa upande wangu kwa kuwa tulisoma pamoja, ameifungia mwavuli, bendera nyekundu, na kengele ambayo naisikia nikiwa ndani ya stesheni, treni ikipita. Bibi pia aliniletea aproni yake niigonge muhuri wa kwanza wa safari. Nilimfafanulia kwamba muhuri ni wa karatasi. Akasema, "Karatasi hulowa." Nikagonga. Mpaka sasa sijui kama nimevunja kanuni, na naomba mwongozo.

6. Umbo la kisiwa. Nimeliacha la mwisho kwa sababu ndilo chanzo cha mengine. Kisiwa chetu kimezungukwa na barabara, na barabara inayozunguka humrudisha mtu alipoanzia. Kwa mtu mwenye nia ya kumzuia mzee wake, hakuna umbo baya kuliko hili. Kwenye barabara iliyonyooka ningeweza kuitetea hoja yangu mbele yake: ningesema, Bibi, utafika mbali na utashindwa kurudi. Nilisema hivyohivyo, kwamba atapotea. Alikuwa akimenya kiazi. Hakuinua hata kichwa. "Nitapoteaje, mwanangu? Nikiendelea tu, nakurudia wewe." Nimesoma chuo kikuu. Nimekaa na sentensi hiyo tangu Jumapili nikitafuta kosa ndani yake.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba barabara ikatwe. Siombi mambo makubwa. Kipande kidogo tu, urefu wa basi moja, kiondolewe na kuhifadhiwa mahali pakavu. Napendekeza iwe kusini mwa mji wetu, baada ya daraja, karibu na bango la nanasi, kwa kuwa pale Bibi atakuwa hajachoka na atarudi nyumbani kwa urahisi. Wasafiri wengine wanaweza kufika ukingoni, wakapiga picha, wakageuka. Nina hakika watafurahi. Hawa hufurahia kila kitu.

Huenda ukauliza kwa nini karani mdogo asimwache mzee wake atembee. Ni swali la haki na nitalijibu mara moja, tena kwa sauti ndogo. Tangu wazazi wangu waende kufanya kazi kiwandani Taoyuan, nyumba yetu ina watu wawili. Yeye ndiye anayeniamsha. Yeye ndiye anayegonga dirisha la dawati saa ya kula na kusema, "We bwana mkubwa, njoo ule, kisiwa hakikimbii." Mimi mwenyewe ninayewaonyesha watu njia sijawahi kuvuka Hualien, na pale nilikwenda kung'olewa jino. Nikikaa kwenye dawati langu nikageuka, nikaona pale mlangoni hakuna kigoda wala sufuria, sijui nitamwelekeza nani wapi.

Nitashukuru kupata majibu kabla ya Jumamosi, ikiwezekana pamoja na mafundi. Nawasalimu wafanyakazi wote wa Ofisi, madereva, wale wa chumba cha ramani, na mama anayepika chai. Nisalimie pia Bi Yeh, lakini usimwambie salamu zimetoka wapi.

Ni mimi mtumishi wako mwenye hofu na utii,

Hung Po-wen,
Karani.

Nyongeza. Bahasha nilikuwa nimekwisha kuifunga, na nimeichana tena kwa rula ili niandike hapa chini. Leo ni Alhamisi na Bibi ameondoka. Hakungoja Jumamosi. Sajini Ke amekuja dawatini na mfuko wa karanga mkononi. Alitafuna kwanza, kisha akasema, "Bibi yako amepita kwangu. Nimemjazia upepo. Anasema uji uko jikoni, na uache kuandika barua."

Nilimuuliza Bibi amejuaje habari za barua.

"Anasema tangu darasa la kwanza ukiandika jambo baya unafunika kwa mkono."

Nikachukua kofia nimkimbilie kusini. Sajini akanishika bega. "Tulia. Na hilo kaliwaza. Kasema usimfukuze kwa nyuma, utaona mgongo tu. Wewe shika ya kaskazini, pita kama wapitavyo watu. Mtakutana."

Nimesimama mbele ya ramani ya ukutani, ile ninayowaonyesha watu kila siku kwa kijiti. Nimeipitishia kidole upande wake na upande wangu. Ni kweli, Mheshimiwa. Kidole kimoja kikienda huku na kingine kule, haiwezekani visikutane. Nimerudia mara kadhaa kwa sababu mimi ni mtu wa kuhakikisha.

Kwa hiyo nakuomba, tafadhali sana, usiikate barabara. Hata kipande kidogo. Hata pale kwenye bango la nanasi. Namba 6 naifuta mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Zile nyingine zifute kwa utaratibu utakaoona unafaa, ukianza na polisi kuwa wakali, kwa kuwa huenda nikahitaji pampu. Dawati nimemwachia Sajini. Muhuri nimeufunga kwa kamba. Naomba hii ihesabiwe kuwa barua ya likizo.

Majibu usiyatume stesheni. Kunipata ni hivi: simama pembeni mwa barabara ya kuzunguka, mahali popote kisiwani, upande ule wa karibu na bahari. Nitapita. Nimevaa kofia ya ofisi, na baiskeli ni ya kuazima kwa Fundi Liao, ya kijani, ina breki moja. Usiniite kwa jina, nitashtuka na kuanguka. Piga makofi tu. Ukimwona kwanza bibi mwenye mwavuli na bendera nyekundu, anayetokea upande ambao wengine hawatokei, mwambie niko njiani, uji sikuunywa, na akitangulia Tainan aniagizie supu. Atakupa karanga. Sasa unaweza kuzila.