Simu Tatu Kuhusu Mfuko wa Hewa

Leo nimeaibika mbele ya mama mkwe, na hata saa nane mchana haijafika.

Gari langu ni la mkono wa pili, kutoka Japani. Nililipenda kwa sababu linafanana na lile nililozunguka nalo ujanani, toka Lunga Lunga hadi Lamu, bila mke wala ratiba. (Siku hizi safari yangu ndefu ni Mikindani hadi Utange, kumrudisha mama mkwe kwake. Kiti cha mbele ni chake.)

Jana jirani alinionyesha barua. Magari ya aina yetu yanatakiwa yarudishwe kwa wakala wa kampuni iliyoyatengeneza. Mfuko wa hewa wa abiria wa mbele, ule unaofura gari likigonga, una kasoro: unaweza kupasuka na kumrushia mtu vipande vya chuma usoni. Wanaubadilisha bure. Akashangaa kwamba mimi sikupigiwa simu kama yeye.

Nilipigiwa. Mara tatu. Msichana mwenye sauti ya upole alitaka namba ya chesisi. Sasa, Mkenya gani humtajia mgeni namba yoyote kwenye simu? Nilijua ni wale matapeli wanaopiga kutoka jela, nikamjibu kama anavyojibiwa tapeli. (Nilijiona mjanja sana.)

Asubuhi nikamweka mama mkwe kiti cha nyuma. Akauliza amekosa nini. Nikamwambia tutapitia Changamwe mara moja.

Tulipoingia kwa wakala, watu kama kumi walikuwa kwenye benchi. Dada wa kaunta akachukua namba ya gari, akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akarudi kwenye kompyuta.

"Pole sana kwa msiba," akasema.

Sauti niliitambua palepale. Nikauliza msiba gani, kwa sauti ndogo.

"Wa mwenye gari. Hapa imeandikwa ni marehemu."

Kumbe kila simu huandikwa. Nilimwomba asisome. Mama mkwe alimwomba asome.

"Simu ya kwanza, mteja ameuliza chakula cha jela kikoje leo. Ya pili, ametuombea kifungo cha maisha. Ya tatu, amesema mwenye gari amefariki, amezikwa Kwale, na tusimsumbue mjane."

Benchi nzima ikageuka kututazama.

"Mjane," mama mkwe akasema polepole, "ni mwanangu?"

Nikatoa kitambulisho. Msimamizi akaitwa, akaeleza kwa adabu kwamba kitambulisho chaonyesha jina tu, hakionyeshi uhai, na gari la marehemu haliguswi bila barua ya chifu. Au basi jamaa wa karibu atie sahihi kwamba nipo.

Jamaa wa karibu alikuwa mmoja tu. Alishika kalamu, kisha akaiweka chini.

"Kwanza muombe radhi huyu mtoto wa watu, baba Neema. Simama wima."

Nikasimama, nikaomba radhi. Yule dada akaitikia kwa upole uleule wa kwenye simu, jambo lililoniumiza zaidi. Mama mkwe akatia sahihi. Pale penye nafasi ya maelezo akaandika: Yuko hai. Akili ndiyo sina hakika nayo.

Mfuko umebadilishwa. Kiti cha mbele sasa ni salama kabisa, na mama mkwe amekikataa. Anasema hapandi kando ya maiti.

Jamani, msicheke. Na mkikutana na mke wangu, tafadhali msimpe pole.