Chanya ni Kinyume cha Hasi

Jumatatu, 3 Mei

Daktari ameniambia niweke mambo yangu sawa. Moyo umechoka. Basi nitaandika ukweli humu, kila siku nitakayojaliwa. Anayekaribia kuondoka akidanganya, anamdanganya nani?

Ukweli wa leo: nimeonewa! Nesi wa kituo cha afya alitafuta mzee wa mtaa wa kuwatangazia watu habari za kupima na kuchanja ugonjwa wa korona. Mimi nimefundisha lugha maisha yangu yote. Akamchagua nani? Shemeji yangu, Fundi Saa, kaka wa marehemu mke wangu, aliyeandika "tunatengeneza saha" kwenye kibao cha duka lake na hajakirekebisha hadi leo. Eti ana sauti, na watu wanampenda. Mimi nimepewa kazi ya kumwandikia maneno. Nipike mimi, apakue yeye.

Jumanne, 4 Mei

Nimepata dawa yake.

Nesi aliniletea rasimu: "Ukiambiwa unao, kaa nyumbani. Ukiambiwa huna, njoo uchanjwe." Lugha ya sokoni. Nimefuta yote. Nimeandika: "Mwenye majibu chanya achukue hatua stahiki bila ajizi." Atajiuma ulimi kwenye "stahiki" mbele ya mtaa mzima. Nesi, kwa uchovu wake, alisema Mwalimu ndiye anayejua, na kwamba majibu yatakayotumwa kwenye simu yatatumia maneno hayohayo, watu wasichanganyikiwe.

Jioni Fundi Saa alikuja na karatasi. Akauliza chanya ndiyo nini hasa. Nikamwambia ni kinyume cha hasi. Na hasi? Kinyume cha chanya. Akaondoka akikuna kichwa. Nimekula vizuri leo, hata binti yangu ameshangaa.

Jumatano, 5 Mei

Nilikaa dirishani tangu asubuhi nikimsubiri aumbuke. Gari la kituo likapita, yeye ndani na kipaza sauti chake. Hakuumbuka! Alipofika kwenye "stahiki" akairuka kama mtu anavyoruka dimbwi, kisha akaongeza ya kwake: chanya ni jambo zuri, kama fikra chanya; ukiipata umshukuru Mungu, kisha ukimbilie chanjo. Watu wakapiga makofi.

Nesi alikuwa kituoni akipima watu, hakusikia. Ningeweza kumpigia simu. Sikupiga. Nilijiambia kesho ataumbuka vizuri zaidi.

Ijumaa, 7 Mei

Jana nesi alitupima wazee wote wa mtaa. Leo majibu yamefika kwenye simu. Fundi Saa amekuja dirishani kwangu, maana binti haruhusu mtu kuingia. Barakoa kidevuni, macho mekundu, simu ameinyanyua juu kama kombe. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika ukuta.

"Chanya, shemeji," alisema. "Wewe umepata nini? Hasi? Pole sana."

Kesho ni chanjo ya wazee, ukumbini. Atawahi, anasema, ampe kila mmoja mkono. Kumwambia ni kukiri. Nikamshauri apumzike, anaonekana amechoka. Akanijibu kwamba wivu nao ni ugonjwa, ila huo hauna chanjo.

Alasiri nilimpigia simu nikibana pua, nikajifanya karani wa kituo, nikamwambia chanjo imeahirishwa. Akasema, "Ahsante, shemeji," akakata.

Jumamosi, 8 Mei

Asubuhi binti alinikuta sebuleni nimevaa koti na viatu. Nikamwambia yote. Alinitazama kama mzazi anavyomtazama mtoto aliyevunja chungu.

"Baba," alisema, "huyo ndiye mjomba pekee niliyebaki naye."

Akanishika mkono tukatoka. Ukumbi uko karibu, lakini kwa moyo huu ni safari. Kila nikisimama kupumua namwona akilini Fundi Saa akimpa mtu mkono. Tulipofika alikuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni, kipaza sauti kikining'inia shingoni, mkono ameunyoosha kwa mzee aliyekaa kiti cha kwanza. Nilikuwa nimeandaa sentensi nzuri sana. Pumzi ikakatika. Likatoka neno moja.

"Unao!"

Hakuelewa. Nikamkaribia.

"Chanya maana yake unao, shemeji. Nilijua. Sikukwambia."

Kipaza sauti kilikuwa kimewashwa. Ukumbi wote ulinisikia. Mzee mmoja akainuka kitini polepole, akiitazama simu yake. Kisha mwingine. Kisha bibi mmoja aliyekuwa amekaa katikati ya wenzake.

Fundi Saa aliushusha mkono. Akarudi nyuma hadi nje, akapandisha barakoa juu ya pua.

"Nilikuuliza," alisema.

Jumatano, 12 Mei

Fundi Saa yuko wodini, anapumua kwa mtungi wa oksijeni. Wale wa ukumbini wamejifungia majumbani, wanahesabiwa pumzi na watoto wao. Simu ikilia hapa kwetu, mimi na binti tunatazamana. Hakuna anayetaka kuipokea.

Nesi ameandika tangazo upya kwa mkono wake: unao, huna. Ameniletea nilione tu. Sikugusa hata nukta.

Ukweli: nimegusa nukta moja. Ilikuwa mahali pabaya.

Jumapili, 23 Mei

Ametoka! Na wale wa ukumbini wote wazima. Fundi Saa amekonda, koti linamvaa yeye, lakini sauti ni ileile. Alisimama nje ya dirisha. Nikamwomba radhi kwa maneno mafupi ambayo hata mtoto angeyaelewa. Akasema yameisha. Kisha nikamwomba jambo: siku yangu ikifika, asome yeye wasifu wangu mbele ya watu. Akalia. Nami nikalia, kwa dhati kabisa.

Alipoondoka nikakaa mezani kuuandika wasifu huo. Nilianza vyema: "Alikuwa mwalimu." Nikaisoma tena. Tupu mno. Nikaongeza "mbobezi". Nikaongeza "adhimu". Binti akachungulia begani kwangu, akasema sikio la kufa halisikii dawa, akaenda zake jikoni.

Sasa inasomeka: "Alikuwa mwalimu mbobezi, adhimu, mwenye umahiri usiomithilika."

Hapo kwenye "usiomithilika" atakwama tu. Kinachoniuma kuhusu kufa ni kimoja: sitakuwepo dirishani.