Taya la Mbuzi na Skrubu Mbili

Jumatatu, 6 Juni 1994. Newala.
Tangu serikali iruhusu tena matibabu ya watu binafsi, Dakta Pancras ana kliniki yake ya meno. Sasa atampeleka msaidizi mmoja kusoma Dar es Salaam. Tuko wawili: mimi na Reginald. Reginald hucheka na wagonjwa. Mimi nasoma. Jarida la Dakta linasema jino la kupandikiza husimama juu ya skrubu iliyozama mfupani. Ikiingia wima, mzigo wa kutafuna husambaa. Ikiinama, mkazo wote huubana mfupa shingoni mwa skrubu, mwisho hupasuka. Ijumaa nitawaonyesha. Nafasi ni yangu!

Jumanne, 7 Juni.
Nimenunua taya la mbuzi kwa Nikolao mchinjaji. Akasema dada, umechelewa, huyu hatafuni tena. Sikucheka. Nimelipasua nusu mbili. Moja nimeitia skrubu, wima kabisa; nyingine itapata ya kuinama. Zisioze, nimezitundika zote juu ya moto jikoni, kama tukaushavyo nyama.

Alhamisi, 9 Juni.
Msiba! Mama ameipika ile nusu isiyo na skrubu. Anasema taya halikuandikwa jina la mtu. Akanisihi ninywe mchuzi kabla haujapoa. Nilikunywa. Ulikuwa mtamu. Hilo ndilo linaloniuma.

Ijumaa, 10 Juni.
Alfajiri nilipata taya bichi kwa Nikolao, nikatia skrubu ya kuinama. Mbele ya Dakta, Reginald na wagonjwa wanne nikaning'iniza mfuko wa mchanga kwenye skrubu hiyo. Mfupa kimya. Nikauhamishia kwenye ile ya wima. Kah! Mfupa ukapasuka, mchanga ukajaa viatuni mwa Dakta. Bibi mmoja, mkono shavuni, akauliza kama na yeye atafungwa mfuko.
Reginald akasema, kwa upole wa kuchukiza, kwamba dada Anjelina amelinganisha mfupa mbichi na mfupa uliokaushwa motoni. Mbichi hunesa kidogo. Mkavu huvunjika tu, hata skrubu ikiwa wima.
Dakta akakung'uta kiatu. Akamwambia Reginald afungashe kwa safari ya Dar es Salaam.

Jumapili, 12 Juni.
Reginald ameondoka na basi la Masasi. Alinishika mkono, akaahidi kuniandikia. Nimejichunguza misa nzima, bila kujihurumia, na kosa langu nimeliona: watazamaji walikuwa wachache mno. Nimemwandikia Mkuu wa Wilaya barua ya mwaliko. Nimeagiza taya la ng'ombe.