Programu Moja, Tovuti Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Nimefanya jambo lililowashinda wenye vyeti. Programu moja ya blogu, tovuti tatu humo ndani: duka la mashela la mdogo wangu wa kike, karakana ya majeneza ya seremala jirani, na shule ya udereva. Mgeni akiandika anwani ya dada, anafunguliwa mashela. Akiandika ya seremala, majeneza. Muundo wa kurasa ni mmoja, wanautumia wote. Shemeji, mume wa dada, kauliza kwa nini kila mtu asiwe na programu yake. Nikamwambia niliwahi kuendesha mitambo ya meli nzima kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kikombe. Kacheka kwa pua. Mtu yule ananichefua.

Jumanne, 4 Machi
Seremala kapiga simu kufoka. Eti majeneza yake yamezungushiwa utepe wa waridi. Nikamweleza kuwa dada ndiye aliyewahi kuchagua rangi. Akasema wafiwa wanamuuliza kama na keki ipo. Hana shukrani kabisa.

Jumatano, 5 Machi
Seremala kanisema kwa kinyozi, mbele za watu, kwamba mimi fundi wa kubahatisha. Mimi! Basi na aipate. Nimeingia kwenye seva, nimefuta folda ya muundo. Akae na ukurasa mweupe mpaka aje kuniomba radhi. Dada na mwalimu wa udereva hawamo katika ugomvi huu.

Alhamisi, 6 Machi
Dada kanigongea sijamaliza hata kufunga vishikizo. Tovuti zote nyeupe, na yake pia. Wiki hii ndiyo maharusi wanaagiza mashela ya msimu. Kasema, kaka, nikiwakosa hawa nafunga duka. Nikamwambia seremala ndiye chanzo. Akauliza nakala ya akiba iko wapi. Nikakohoa. Akasema angekuwa fundi mwingine angemfukuza kwa mwiko, ila mama yetu ni mmoja. Limeniuma kuliko tusi.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji kamjengea dada tovuti katika programu yake peke yake. Maharusi wengine walishahamia duka jingine, waliobaki wanatosha kuacha mlango wazi. Seremala naye kamfuata shemeji, sasa kurasa zake ni za kahawia. Nilimsubiri shemeji anicheke nimjibu. Hakucheka. Kaniuliza tu kama meli ile ilifika.

Jumamosi, 8 Machi
Waende. Wameniachia nafasi. Mwalimu wa udereva kabaki, mtu mwenye akili, ingawa nadhani hajawahi kuifungua tovuti yake. Nimewaingiza daktari wa meno na fundi bomba, programu ileile. Kila mtu na yake ni woga wa akina shemeji. Daktari kang'ang'ania nakala ya akiba. Nimemtengenezea safi kabisa, nikaiweka ndani ya folda ya muundo, siku ya shida nisihangaike kuitafuta.